Cheti cha Fundi wa Nyumba

Katika milima ya Nyamira, mahali kama Nyaramba, kijana apendaye uashi mara nyingi hujifunza kwa kumfuata fundi mzee. Huanza kwa kuchota maji na kukoroga mchanga na saruji. Baadaye hupewa mwiko na timazi. Njia hii imewafaa wengi, na nyumba zao zasimama imara. Lakini leo mkono mwema peke yake hautoshi, maana sheria yadai ushahidi.

Kwa sheria ya mwaka 2011 iliundwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Kazi yake ni kuandikisha wakandarasi, waliopangwa katika madaraja 8, na kuwatambua mafundi pamoja na wasimamizi wa ujenzi. Mkandarasi hana budi kufanya upya leseni yake kila mwaka, na kuhudhuria mafunzo ya kuongeza maarifa.

Ubaya wa ujenzi mbovu ulionekana Huruma, Nairobi, Aprili 2016, jengo la orofa lilipoanguka usiku wa mvua nyingi na kuua watu zaidi ya 40. Hata nyumba ndogo ya mtelemkoni ina hatari, ikiwa msingi haufiki udongo mgumu, au zege haikunyweshwa maji siku za kutosha.

Basi mtu ajifunze wapi? Vipo vituo vya ufundi vya kaunti, vilivyoitwa zamani politekniki za vijiji. Mjini Kisii ipo Politekniki ya Taifa ya Kisii, iliyokuwa Chuo cha Ufundi cha Gusii. Lakini kabla ya kulipa karo, mzazi na aulize kama chuo kimeidhinishwa kwa sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 2013. Asipouliza, huenda mwanawe akarudi na karatasi isiyo na thamani.

Na fundi mwenye miaka 20 kazini, asiyewahi kuketi darasani? Huyo naye hakutupwa. Aweza kufanya mtihani wa Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Kiviwanda, akianza daraja la 3 na kupanda hadi la 1. Hupimwa kwa kazi ile ile aijuayo: kusimamisha pembe, kufuata kamba, kusoma ramani ya nyumba.

Ada ya mtihani ni mzigo kwa mtu wa kibarua. Lakini na ailinganishe na hasara ya kuona darasa la shule ya kwao likijengwa na mgeni mwenye cheti, naye mwenyeji akiajiriwa kubeba matofali.