Seli nyekundu za damu katika kinga ya mwili na ugonjwa mahututi

Seli nyekundu za damu (pia: chembe nyekundu za damu) ni seli zinazoipa damu rangi yake na kusafirisha oksijeni kutoka mapafuni hadi sehemu zote za mwili. Mbali na kazi hiyo, zinashiriki katika kinga ya mwili, na mtu anapougua sana zinaweza ama kumlinda ama kumzidishia madhara. Mkoani Kagera, Tanzania, hasa katika wilaya za Bukoba na Muleba, jambo hilo linaonekana wazi kwa watoto wenye malaria kali.

Maumbile

Seli nyekundu hutengenezwa katika uboho wa mifupa, milioni 2 hivi kila sekunde, na huishi kwa siku 120. Ikikomaa haina kiini. Karibu nafasi yake yote imejaa himoglobini, protini yenye madini ya chuma. Iliyozeeka huondolewa na seli walaji zilizomo katika wengu na ini.

Vitabu vya biolojia vya sekondari kwa kawaida huishia hapo, na kazi yote ya ulinzi huachiwa seli nyeupe. Mgawanyo huo ni rahisi kufundisha, lakini si kamili. Kwa idadi, seli nyekundu ni zaidi ya robo tatu ya seli zote za mwili wa binadamu, na hupita kila mahali damu inapopita. Ingekuwa ajabu kama zisingekutana na vijidudu.

Kazi katika kinga

Mwaka 1953 mtafiti Mmarekani Robert Nelson alionyesha kwamba bakteria waliokwisha kufunikwa na kingamwili hunata juu ya seli nyekundu, na kwamba wakinata hivyo humezwa na seli nyeupe kwa urahisi zaidi. Baadaye ilijulikana kwamba kinachowashika ni kipokezi kilichopo juu ya seli nyekundu, kiitwacho kipokezi cha komplementi namba moja. Seli hubeba mzigo huo hadi kwenye ini na wengu, huko seli walaji huuchukua na kuiacha seli nyekundu iendelee na safari yake. Bila usafirishaji huo, mabonge ya vijidudu na kingamwili yangeweza kukwama katika figo na mishipa midogo na kuleta uvimbe.

Ugunduzi wa karibuni zaidi unahusu DNA. Seli za mwili zinapokufa, vipande vya DNA ya mitokondria humwagika katika damu, na kinga inaweza kuvidhania kuwa ni vya bakteria. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walionyesha kwamba seli nyekundu zina kipokezi kinachonasa vipande hivyo. Vikiwa vichache, huo ni usafi. Vikizidi, kama kwa mgonjwa mahututi mwenye maambukizi yaliyoenea mwilini, seli hubadilika umbo na kuficha alama inayoiambia seli walaji isiimeze. Humezwa kwa wingi, uvimbe huongezeka, na damu hupungua. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2021, yanasaidia kueleza kwa nini wagonjwa mahututi wengi hupungukiwa damu hata kama hawajatoka damu.

Malaria kali

Kimelea cha malaria aina ya falsiparumu huingia ndani ya seli nyekundu, hula himoglobini, huzaliana, kisha huipasua. Hata hivyo seli zilizopasuliwa ni sehemu tu ya hasara. Seli nyingi zaidi ambazo hazikuambukizwa kamwe nazo huondolewa na wengu, kwa sababu zimenatwa na kingamwili na mabaki ya vimelea. Uchunguzi wa watoto wa magharibi mwa Kenya, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba wenye upungufu mkali wa damu walikuwa na vipokezi vichache vya komplementi juu ya seli zao, na seli hizo zilimezwa kwa urahisi zaidi.

Seli zikipasuka, himoglobini humwagika katika damu. Huko huteketeza oksidi ya nitriki, ambayo hulegeza mishipa midogo, na sehemu yake yenye chuma, hemu, ni sumu kwa tishu. Mwili hujikinga na sumu hiyo kwa njia ambayo, kama majaribio kwa panya yalivyoonyesha, hudhoofisha uwezo wa baadhi ya seli nyeupe kuua bakteria wa salmonela. Ndiyo sababu mtoto aliyelazwa kwa malaria anaweza kufa kwa bakteria. Wilayani Muheza, mkoani Tanga, malaria ilipopungua, maambukizi ya salmonela katika damu ya watoto waliolazwa yalipungua pia.

Muleba iko kusini mwa Bukoba kando ya Ziwa Viktoria, na malaria huko hupanda baada ya mvua za masika na za vuli. Wilaya imepata milipuko mikali ya malaria. Upuliziaji wa dawa ukoko majumbani ulianza mwaka 2007, lakini baada ya miaka michache mbu walionekana kuwa sugu kwa dawa za jamii ya pairethroidi. Utafiti ulioanza Muleba mwaka 2014 ulijaribu vyandarua vilivyoongezewa kemikali inayovunja usugu huo. Baada ya miezi 9, watoto walioambukizwa walikuwa asilimia 29 katika vijiji vyenye vyandarua hivyo, dhidi ya asilimia 42 kwenye vya kawaida. Kutokana na matokeo hayo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vya aina hiyo mwaka 2017.

Kinga ya kurithi

Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba watu wenye jeni moja ya selimundu hukingwa dhidi ya malaria. Kaskazini magharibi mwa Tanzania karibu mtoto mmoja kati ya watano hubeba jeni hiyo. Anayerithi mbili, kutoka kwa baba na mama, huwa na ugonjwa wenyewe. Wengu wake huharibika mapema, na hapo hubaki wazi kwa bakteria wa nimonia. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, aina adimu ya damu iitwayo Dantu imeonekana kukinga kwa njia nyingine: ngozi ya seli hukazwa kiasi kwamba kimelea hushindwa kupenya.

Kuongezewa damu

Weupe wa viganja, kupumua kwa shida na ulegevu ni dalili za hatari kwa mtoto mwenye homa; anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo. Himoglobini ikiwa chini ya gramu 4 kwa desilita, damu huhitajika bila kusubiri. Kwa watoto wenye gramu 4 hadi 6 ambao hawana dalili za hatari, utafiti wa watoto 1565 wa Uganda na Malawi, uliochapishwa mwaka 2019, haukuona tofauti ya vifo baina ya waliopewa damu mara moja na waliosubiri chini ya uangalizi. Lakini karibu nusu ya waliosubiri hatimaye waliihitaji, kwa hiyo kusubiri hakumaanishi kurudi nyumbani. Kiasi nacho kina maana: wasio na homa walifaidika zaidi kwa mililita 30 kwa kila kilo ya uzito, wenye homa kwa mililita 20.

Kagera ina sababu yake ya kuitazama damu kwa makini. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani humo mwaka 1983, na kipimo cha virusi katika damu kilipatikana duniani mwaka 1985 tu. Kati ya miaka hiyo, mtoto aliyeokolewa na malaria kwa chupa ya damu aliweza kupata UKIMWI kwa chupa hiyohiyo. Leo damu hupimwa chini ya Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ambao kituo chake cha Kanda ya Ziwa kipo Mwanza.

Tatizo lililobaki ni akiba. Wanafunzi ni sehemu kubwa ya wachangiaji wa hiari, na shule hufungwa Juni na Desemba, miezi ambayo malaria huwa inapanda Muleba.