Chumvi Isiyozidi Machozi

Kwenye mdomo wa shimo la dhahabu Misisi, mzee mmoja anatia chumvi ndani ya bidoni ya maji kwa ncha za vidole. Anatikisa, anamimina tone kwenye kifuniko, anaonja, anatema. Bado. Anaongeza maji, anaonja tena. Vijana wanaosubiri kushuka wanamcheka. Kipimo chake, aliniambia, ni machozi: maji yakizidi machozi kwa chumvi, yanamwagwa.

Nilidhani ni ushirikina wa mashimoni. Yeye hueleza kwa alichokiona. Kijana hutoka chini kalowa jasho, hunywa maji matupu hadi aseme kiu imekwisha, kisha usiku misuli ya tumbo na mapaja inamkaza hadi analia. Wengine husema shimo lina wenyewe. Mzee husema hapana, ni ile kiu iliyodanganya.

Na kweli ilidanganya. Ubongo hutazama zaidi ukolezo wa damu kuliko wingi wa maji mwilini. Ukolezo ukipanda kwa asilimia 1 au 2 tu, kiu inaamka, na homoni inaziamuru figo zibane maji. Lakini jasho limeondoka na chumvi pia. Maji matupu yanaizimua damu, kiu inazimika mapema, homoni inapungua, figo zinaachia mkojo, na mwili ungali mkavu. Kila kiungo kimetii amri yake sawasawa, na mtu anaugua! Mwaka 1923 huko Uingereza, K. Neville Moss aliandika habari za wachimba makaa ya mawe waliokazwa misuli vivyo hivyo. Dawa ikawa chumvi kidogo katika maji yao.

Kilichonikaa kichwani ni yale machozi. Ukolezo wake hukaribiana na ule wa damu, kwa hiyo ulimi wa mzee unakopa kipimo ambacho mwili wenyewe unakilinda. Nilipomweleza hivyo hakushangaa hata kidogo. Aliuliza tu kama waliosoma hawajawahi kulia.

Yeye mwenyewe haonji zaidi ya tone. Ana tansio, yaani shinikizo la damu, amekatazwa chumvi, hata makayabu, samaki wa chumvi, hali tena. Je, kijana mwenye tansio asiyejijua, anayekunywa bidoni hiyo kila siku? Mzee alisema hilo niwaulize waganga. Yeye anajua misuli.