Hesabu ya Wasikilizaji na Lugha ya Redio Jijini Nairobi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo wanaisimu wetu wamezoea kuwaachia wafanyabiashara, nalo ni hesabu ya wasikilizaji wa redio. Hoja yetu ni kwamba jijini Nairobi hesabu hiyo ni suala la lugha, kwa kuwa hapa mwenye kituo akiamua mtindo wa matangazo yake, lugha ndiyo huamuliwa kwanza.

Sivyo ilivyo kila mahali. Tarehe 10 Mei 1982 kituo cha WABC cha New York, kilichosifika miaka mingi kwa muziki, kiliacha muziki kikawa kituo cha mazungumzo. Mabadiliko yalikuwa makubwa, lakini msikilizaji aliagwa kwa Kiingereza na kukaribishwa kwa Kiingereza kile kile. Kwetu, enzi za Sauti ya Kenya, lugha ziligawiwa na serikali: Idhaa ya Taifa kwa Kiswahili, idhaa nyingine kwa Kiingereza, na lugha za mama zikapewa saa zake. Kisha vikaja vituo vya watu binafsi. Capital FM ilianza mwaka 1996 kwa Kiingereza, Kameme FM mwaka 2000 kwa Kikuyu, na baadaye katika muongo huo huo Ghetto Radio ikajitwalia Sheng. Lugha ya hewani ikawa bidhaa, nayo bidhaa sharti ihesabiwe wanunuzi.

Hesabu yenyewe ina tarakimu mbili ambazo aghalabu huchanganywa. Ya kwanza nitaiita kiwango: asilimia ya watu wote wa eneo wanaosikiliza kituo fulani kwa wakati fulani. Ya pili ni fungu: asilimia ya wale tu wanaosikiliza redio wakati huo. Tuseme wamehojiwa watu 1,000, na saa moja asubuhi 200 kati yao wanasikiliza redio, 50 wakiwa katika kituo kimoja. Kiwango cha kituo hicho ni asilimia 5, na fungu lake ni asilimia 25. Meneja wa mauzo hupenda kutangaza ile ya pili, wala hadanganyi.

Taabu huanza mtu anapoulizwa alisikiliza nini jana. Swali hilo humfaa mwenye redio yake mwenyewe na mkono wake juu ya kitufe. Abiria wa matatu atokaye Kayole kwenda mjini hakuchagua kitu. Dereva amemchagulia, yeye na wenziwe wote garini. Je, huyo ni msikilizaji? Na akihojiwa jioni atataja kituo gani: kilichomvumia masikioni saa nzima, au kile anachokiona ni cha watu wa hadhi yake? Waliozoea utafiti wa isimujamii wanajua kwamba mtu akiulizwa lugha anayoitumia, mara nyingi hutaja ile anayopenda kuhusishwa nayo. Sioni sababu ya kudhani kwamba akiulizwa kituo atakuwa mnyofu zaidi. Tena iko lugha ya swali lenyewe. Swali lililotumwa kwa simu ya mkononi kwa Kiingereza tayari limewachuja wahojiwa kabla hawajajibu.

Kwamba kipimo kinaweza kumbadilisha msikilizaji bila yeye kubadilika, Marekani imeshuhudia. Huko kampuni ya Arbitron ilitegemea kwa miaka mingi shajara ambamo mtu aliandika alichosikiliza. Dakika tano zilitosha kukipa kituo robo saa nzima. Kuanzia mwaka 2007, katika Philadelphia na Houston, shajara ilianza kuondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na kifaa kidogo cha kubebwa, kinachonasa chenyewe ishara ya kila kituo kinachosikika karibu. Vituo vingi vya watu weusi na vya Kihispania vikateremka. Vililalamika kwamba sampuli haikuwawakilisha wasikilizaji wao, na mwezi wa Oktoba 2008 mwanasheria mkuu wa jimbo la New York aliishtaki kampuni hiyo. Shauri likamalizwa kwa mapatano Januari 2009.

Kipimo cha kumbukumbu kina athari hata katika rejista ya watangazaji. Anayeshinda ni anayekumbukwa kwa jina. Ndiyo maana jina la kituo hurudiwa baada ya kila wimbo kama kiitikio, na kila habari huahidiwa mara tatu kabla ya kutolewa. Anayechambua mtindo huo bila kujua jinsi wasikilizaji wanavyohesabiwa ataudhania kuwa ni upungufu wa msamiati.

Liko pia tatizo la jedwali. Matokeo yakipangwa kwa lugha, kituo cha Sheng kitiwe safu ipi? Kikiingizwa katika Kiswahili, Kiswahili huonekana kimenenepa; kikitengwa, Kiswahili hukonda, ilhali hakuna mtangazaji aliyebadili hata neno moja. Na mwenye kutangaza biashara hununua muda kwa kuitazama safu hiyo. Uamuzi huo ni wa kiisimu, ingawa hufanywa na mtakwimu anapochora jedwali lake, kabla mhojiwa wa kwanza hajapigiwa simu.