Kwa Nini Pedali ya Breki Hudunda?

Dereva ateremkaye mlima Kitonga, katika barabara kuu itokayo Iringa kwenda Morogoro, hukabidhi maisha yake na ya abiria wake kwa vipande vichache vya chuma. Akanyagapo breki, hutazamia pedali itulie imara chini ya unyayo. Lakini mara nyingine pedali hudunda: hupanda na kushuka kwa mapigo yanayolingana, kana kwamba kuna moyo chini ya sakafu ya gari. Wengi husema, “Diski imepinda kwa joto,” kisha hubadilisha pedi na kuendelea na safari. Baada ya muda mdundo hurudi, na fedha zimekwisha kupotea. Ugonjwa ulitibiwa kabla ya kupimwa.

Kazi ya breki ni kugeuza nishati ya mwendo kuwa joto. Gari la kilo 1,200 liendalo kilometa 90 kwa saa, yaani meta 25 kwa sekunde, lina nishati ya mwendo ya jouli 375,000. Kiasi hicho chatosha kuipasha moto lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi 100. Gari lisimamishwapo ghafla, karibu nishati yote hiyo huingia katika breki kwa sekunde chache, na sehemu kubwa zaidi hupokewa na magurudumu ya mbele.

Katika breki za diski, sahani ya chuma cha kusubu huzunguka pamoja na gurudumu. Pedali ikikanyagwa, mafuta ya breki husukumwa katika mabomba. Kwa kuwa mafuta hayo hayashindiliki kwa urahisi, kanieneo husambaa hadi kwenye pistoni, kwa kanuni aliyoieleza Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17. Pistoni huzibana pedi dhidi ya diski, na msuguano hupunguza mwendo.

Njia hiyo, hata hivyo, hupitika pande zote mbili. Ikiwa diski ina sehemu nene, sehemu hiyo ipitapo kati ya pedi huzisukuma zitengane. Pistoni hurudi nyuma, mafuta husukumwa, na unyayo huhisi pigo. Tofauti ya unene ya sehemu 2 au 3 za mia za milimita, ambayo ni ndogo kuliko unene wa unywele, yaweza kutosha kuhisiwa.

Tofauti hiyo hutoka wapi? Mara nyingi chanzo si diski kupindwa na joto, bali ni diski kukaa upande. Kutu kati ya diski na habu, au nati zilizokazwa kwa nguvu zisizo sawa, huifanya iyumbe. Mwanzoni dereva huenda asihisi lolote. Lakini kwa kila mzunguko, hata breki isipokanyagwa, mahali pale pale hugusa pedi na kulika. Baada ya maelfu ya kilometa, diski huwa nyembamba hapa na nene kule. Chanzo cha pili ni pedi zilizopata joto kali kuacha utando usio sawa juu ya diski, hasa gari lisimamapo huku pedali imeshikiliwa.

Uchunguzi huanza kwa kuhesabu. Tairi ya gari dogo ina mzingo wa karibu meta 2. Hivyo katika kilometa 72 kwa saa huzunguka karibu mara 10 kwa sekunde, na katika kilometa 36, mara 5. Mdundo ukipungua kwa kadiri hiyo hiyo, basi watokana na kitu kizungukacho pamoja na gurudumu. Usichanganywe na mtetemo wa haraka wa pedali katika gari lenye mfumo wa kuzuia magurudumu yasikwame, breki zikanyagwapo ghafla au penye utelezi. Hiyo ni dalili kwamba mfumo unafanya kazi.

Kisha hutazamwa mahali pa mtikisiko. Usukani ukitetemeka, yaelekea kosa liko mbele. Kikitetemeka kiti peke yake, yaelekea liko nyuma. Mwisho, gurudumu hufunguliwa. Unene wa diski hupimwa kwa maikromita mahali 8 kuizunguka, kuyumba kwake hupimwa kwa geji ya mshale, na beringi huchunguzwa isiwe imelegea.

Tiba hufuata vipimo. Kutu huondolewa kwenye habu kwa brashi ya waya. Diski yaweza kukerezwa, mradi isipungue unene wa chini uliowekwa na mtengenezaji. Ikipungua, haina budi kubadilishwa pamoja na mwenzake wa upande wa pili. Nati hukazwa kwa kuvukana, si kwa kufuatana, kwa spana ipimayo nguvu. Pedi mpya huzoeshwa kwa kupunguza mwendo kwa kiasi mara kadhaa, bila kusimama kabisa. Na katika mteremko mrefu, gia ndogo huiacha injini ibebe sehemu ya kazi, hivyo breki hubaki na akiba ya kutumia wakati wa hatari.

Wanafunzi waweza kuliona jambo hili bila gari. Baiskeli ipinduliwe, gurudumu la mbele lizungushwe polepole, na chaki ishikwe imara karibu na ringi. Ikiwa ringi inayumba, chaki itaacha alama upande mmoja tu. Fundi mwenye geji hufanya jambo lilo hilo, ila yeye huipa alama ile tarakimu. Na kwa tarakimu hiyo hujua kama diski ni ya kusafishwa, ya kukerezwa, au ya kutupwa.