Mashine ya Pumzi Haizoeleki kwa Usiku Mmoja

Katika jamii yetu mtu anayekoroma husifiwa kwamba amelala fofofo. Juma hili nataka tulitazame jambo hili upya, kwa sababu miongoni mwa wakoromaji wamo watu ambao usiku kucha wanakabwa na koo zao wenyewe.

Madaktari huuita ugonjwa huo apnea ya usingizini. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea. Kwa baadhi yetu hulegea mno hata njia ya hewa ikaziba. Pumzi husimama kwa sekunde 10 au zaidi, ubongo hushtuka, mtu huvuta hewa kwa kishindo, kisha mambo huanza upya. Kwa aliyezidiwa, hali hiyo hutokea mara 30 au zaidi kwa saa moja. Asubuhi huamka amechoka, na mchana anasinzia. Akiwa karani atasinzia juu ya faili. Akiwa dereva wa basi, roho za abiria zi mashakani. Shinikizo la damu nalo hupanda.

Tiba yake kubwa si kidonge. Mwaka 1981 Colin Sullivan na wenzake, huko Sydney, Australia, walitangaza njia ya kusukuma hewa puani mwa mgonjwa aliyelala. Wengi hudhani hewa hiyo ni oksijeni. Sivyo. Ni hewa hii hii ya chumbani, inayosukumwa kwa nguvu ya kutosha tu kulizuia koo lisizibe, kama bomba la mpira linavyotuna maji yakifunguliwa.

Mimi mwenyewe naitumia mashine hiyo. Usiku wa kwanza ni mgumu. Mimi niliyezoea kuitawala pumzi yangu mbele ya kipaza sauti, nilijiona naamriwa namna ya kupumua. Wengi huishia hapo, mashine ikafungiwa kabatini. Na mashine iliyo kabatini haimtibu mtu.

Dawa ni kuzoea hatua kwa hatua. Kwanza, vaa barakoa mchana ukiwa macho, huku unasikiliza redio. Pili, mashine nyingi zaweza kuanza na hewa kidogo ikaongezeka polepole. Iombe itegwe hivyo. Tatu, hewa ikivujia machoni usikimbilie kukaza mikanda. Barakoa iliyokazwa mno huchubua pua na pengine huvuja vilevile. Omba ya kipimo kingine. Ukiamka kinywa kimekauka, huenda unapumulia mdomo. Ipo barakoa ya kufunika pua na mdomo pamoja, na kipo chombo cha maji cha kuipa hewa unyevu. Osha barakoa kila siku kwa sabuni na maji ya vuguvugu.

Je, umeme ukikatika? Hilo ni swali la haki katika miji yetu. Mwenye uwezo aweke betri. Asiye nayo avue barakoa alale kwa ubavu, maana kulala chali huzidisha kuziba kwa koo.

Neno la mwisho ni kwa wake na waume. Aliyelala hajisikii, shahidi ni wewe. Ukimsikia mwenzio anakoroma, akanyamaza ghafla, kisha akashtuka kama mtu anayeibuka majini, mpeleke hospitali. Na akirudi na mashine yake, tafadhali, usimcheke kwamba amekuwa rubani.