Nani atamwarifu mfanyabiashara kuhusu sheria za akili unde?

Mwezi Mei 2024 gavana wa Colorado, Jared Polis, alitia saini sheria iliyobana matumizi ya akili unde katika maamuzi mazito ya maisha ya watu: ajira, mikopo, nyumba, bima, matibabu. Hakuna jimbo la Marekani lililokuwa limepitisha sheria pana kama hiyo. Ilipangwa ianze kutumika tarehe 1 Februari 2026. Agosti 2025 bunge la jimbo likaitwa kwenye kikao maalumu, na tarehe ikasogezwa hadi 30 Juni 2026. Kampuni iliyokuwa imepanga bajeti na mafunzo ya wafanyakazi kwa kuhesabu kutoka Februari ilibidi ianze hesabu upya.

Tarehe za namna hii, zinazohama kila mara, zimezaa kazi yenye wateja wengi: kufuatilia sheria za akili unde kwa niaba ya wengine. Kampuni kubwa za mawakili hutuma taarifa fupi bila malipo, zikijua kwamba anayezisoma leo ndiye atakayepiga simu siku akikwama. Kampuni za programu kama OneTrust ya Marekani huuza mifumo inayofuatilia mabadiliko ya sheria katika nchi nyingi. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa faragha, IAPP, kilianzisha cheti cha usimamizi wa akili unde mwaka 2024. Wapo pia wanaofanya kazi hiyo bila kuuza kitu: Future of Life Institute husambaza sheria ya Ulaya iliyopangwa ibara kwa ibara, pamoja na dodoso la kumsaidia mwenye biashara kujua kama inamhusu. Oktoba 2025 Tume ya Ulaya nayo ilifungua dawati la kujibu maswali ya kampuni.

Habari, kwa hiyo, zimejaa. Kinacholipiwa ghali ni mtu wa kukaa na lundo la matangazo ya wiki na kusema, akiwa tayari kuwajibika, ni lipi linamgusa mteja huyu na lipi alipuuze.

Chanzo kikubwa cha kazi hiyo ni sheria ya akili unde ya Umoja wa Ulaya, yenye ibara 113 na viambatisho 13. Ilianza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, lakini inaingia kwa awamu. Tarehe 2 Februari 2025 marufuku zilianza. Ni marufuku, kwa mfano, kutumia mashine kusoma hisia za mfanyakazi akiwa kazini, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Siku hiyohiyo kila kampuni inayotumia akili unde ilianza kuwajibika kuhakikisha wafanyakazi wake wanaielewa vya kutosha. Agosti 2025 ikawa zamu ya watengenezaji wa mifumo mikubwa ya matumizi ya jumla, jamii ya ile inayoendesha ChatGPT. Anayevunja marufuku anaweza kutozwa euro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato yake ya mwaka duniani kote, kiwango kilicho kikubwa zaidi. Kwa biashara ndogo na za kati huangaliwa kilicho kidogo, na hilo halitajwi mara nyingi katika makala za kutisha zinazosambazwa na wauzaji wa huduma.

Awamu nzito kuliko zote, ya mifumo yenye hatari kubwa, ilipangwa ianze tarehe 2 Agosti 2026. Humo mna programu za kuchuja maombi ya kazi na za kupima kama mtu anakopesheka. Lakini tarehe 19 Novemba 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza sehemu hiyo isogezwe, nyingine hadi Desemba 2027 na nyingine hadi Agosti 2028. Hapo ndipo mwandishi mzuri wa taarifa anapojipambanua na mbovu. Mbovu aliandika siku ileile kwamba sheria imeahirishwa. Mzuri aliandika kwamba Tume imependekeza, kwamba Bunge la Ulaya na Baraza la nchi wanachama bado wana kauli, na kwamba hadi wakubaliane tarehe ya zamani inabaki kuwa sheria. Mkurugenzi aliyesoma taarifa ya kwanza angeweza kusimamisha maandalizi yake yote kwa kosa la kitenzi kimoja.

Marekani ni pagumu zaidi kufuatilia kwa sababu hakuna kitabu kimoja cha kufungua. Amri ya Rais Joe Biden ya Oktoba 2023 kuhusu akili unde ilifutwa na Donald Trump siku alipoapishwa, Januari 20, 2025. Wazo la kuyazuia majimbo yasitunge sheria zao kwa miaka kadhaa liliondolewa kwenye muswada na Seneti Julai 2025, kwa kura 99 dhidi ya 1. Desemba mwaka huohuo Trump akasaini amri ya kuzipinga sheria hizo kwa njia nyingine, zikiwemo kesi mahakamani. Amri ya rais peke yake haifuti sheria ya jimbo, kwa hiyo kampuni inayouza programu zake Colorado na California inalazimika kusoma pande zote mbili.

Kujua peke yake hakutoshi, na mfano wa New York unauma. Jiji hilo lilianza kutekeleza mwezi Julai 2023 sheria inayomtaka mwajiri anayetumia mashine kuchagua wafanyakazi aifanyie ukaguzi wa upendeleo kila mwaka na atangaze matokeo hadharani. Watafiti walipowachunguza waajiri 391, waliwakuta 18 tu waliotangaza ukaguzi. Sheria yenyewe ilimwachia mwajiri aamue kama mashine yake inahusika, na wengi hawakujitaja. Taarifa ya kila wiki inaweza kumfikia meneja wa ajira na bado isibadilishe chochote, ikiwa hakuna mtu ndani ya kampuni aliyekabidhiwa jukumu la kuifanyia kazi.

Afrika Mashariki inaguswa moja kwa moja, ingawa wengi huziona sheria hizi kama mambo ya Wazungu. Sheria ya Ulaya inamhusu hata mtoa huduma aliye nje ya Umoja huo ikiwa matokeo ya mfumo wake yanatumika ndani yake. Tena, ibara yake ya 10 inayoweka masharti ya data ya kufundishia mifumo yenye hatari kubwa inazitaja kazi za kuweka alama na kusafisha data. Hizo ndizo kazi zinazofanywa na vijana wa Nairobi katika kampuni kama Sama, kwa wateja wa ng'ambo. Mzigo wa kisheria ni wa mteja, lakini mteja hawezi kuonyesha data yake ilivyotayarishwa bila kumbukumbu za aliyeitayarisha. Kampuni ya Nairobi au Kampala isiyoweza kueleza nani aliweka alama, kwa maelekezo gani, na nani alikagua, itapoteza zabuni bila kutozwa faini hata ya senti moja.

Nyumbani nako kuna sheria ambazo tayari zina meno. Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 kinampa mtu haki ya kutoamuliwa jambo zito na mashine peke yake. Mkopo wa simu unaokataliwa kwa sekunde chache bila mtu yeyote kuliangalia ombi unaingia humo. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000 na shule moja shilingi 4,550,000 kwa kutumia vibaya taarifa za watu. Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru kampuni ya sarafu ya kidijitali ya Worldcoin ifute taarifa za kibayometria ilizokusanya nchini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inagusa maamuzi ya kiotomatiki. Mkakati wa akili unde wa Umoja wa Afrika wa Julai 2024 na ule wa Kenya wa Machi 2025 ni jambo jingine: inaonyesha serikali zinakoelekea, wala haimtozi mtu faini. Kuchanganya mkakati na sheria ni kosa linalojirudia katika semina za wafanyabiashara, na linagharimu, kwa sababu watu huogopa waraka usiobana na kuusahau unaobana.

Benki na kampuni za simu zina mawakili wao. Mwenye programu ya kukopesha wakulima Morogoro au ya kuajiri vibarua Mombasa hana, na taarifa zinazosambazwa ni za Kiingereza cha mawakili. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania na Ofisi ya Kamishna ya Kenya zitoe kila robo mwaka ukurasa mmoja wa Kiswahili: kipi ni sheria, kipi ni pendekezo, kinamgusa nani, kuanzia tarehe ipi. Vyama vya wafanyabiashara viudai ukurasa huo, na visikubali kujibiwa kwa semina ya hotelini.

Mwenye kampuni asiusubiri. Achomoe mikataba yake na wateja wa nje, atazame ni wapi mashine inaamua jambo la mtu, kisha amteue mfanyakazi mmoja kwa jina awe msomaji wa habari hizi kila mwezi, mwenye mamlaka ya kusimamisha mfumo usiokidhi sheria.