Kadi za Salamu za Kudarizi: Jinsi ya Kuzitengeneza Nyumbani

Desturi ya kupelekeana kadi za salamu wakati wa siku kuu si ya zamani sana, hata huko Ulaya. Mwaka 1843 bwana mmoja wa London, jina lake Henry Cole, alikuwa na watu wengi wa kuwaandikia barua za Krismasi, wala hakuwa na nafasi ya kuwaandikia wote. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amchoree picha moja yenye maneno ya salamu, ikapigwa chapa kadiri ya kadi 1,000, naye akabakiwa na kazi ya kutia majina tu. Zilizozidi ziliuzwa shilingi moja moja, bei iliyokuwa kubwa kwa mtu wa kazi wa siku zile. Basi kadi ilizaliwa ili kumpunguzia mtu kazi ya mkono. Hii tutakayoieleza hapa ni kinyume chake, maana thamani yake yote ni kazi ya mkono.

Kadi za kudarizi juu ya kitambaa chembamba cha hariri zilionyeshwa Paris katika maonyesho makubwa ya mwaka 1900. Walakini zilienea hasa wakati wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Askari wa Uingereza, na baadaye wa Marekani, waliokuwa wakipigana katika nchi ya Ufaransa walizinunua na kuwapelekea mama zao, wake zao na wachumba wao. Zilikuwa na maua, bendera, alama za vikosi, na maneno ya Krismasi na Mwaka Mpya. Nyingine zilikuwa na mfuko mdogo wa kitambaa, na ndani yake kijikadi cha kuandikia neno la siri. Zilidariziwa nyingi pamoja juu ya utepe mmoja mrefu wa kitambaa, nyingine kwa mkono na nyingine kwa mashine, kisha zikakatwa moja moja na kubandikwa katika karatasi nene. Kadi hizo bado zimehifadhiwa katika nyumba nyingi za Ulaya, na rangi zake hazijapotea. Barua nyingi za wino za miaka ile zilitupwa zamani.

Katika miaka hiyo hiyo vita vilipita hapa Ugogo. Waingereza waliingia Dodoma mwezi wa Julai 1916, na wanaume wengi wakachukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Jina la Kariakoo kule Dar es Salaam ni ukumbusho wa kundi la wapagazi wa Kiingereza. Kisha ikaja njaa ile iitwayo Mtunya, ya 1917 hadi 1920. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wachache sana kati yao walijua kuandika. Wala mama zao waliobaki nyumbani hawakujua kusoma. Hapakuwa na kadi ya hariri baina yao. Twasema haya kwa sababu jambo lenyewe halijaisha. Hata leo katika kila kijiji yuko mzazi ambaye mtoto wake yuko mbali, na mzazi huyo hajui kuandika. Akitaka kumpelekea neno, humwendea mwalimu, au mjukuu aliyesoma, akamwandikia. Neno lafika, bali mkono ulioliandika ni wa mtu mwingine. Simu nayo hupeleka sauti, nayo ni neema kubwa, lakini sauti haiwekwi ndani ya sanduku ikatazamwa tena baada ya miaka 20.

Sindano yaweza kuondoa upungufu huo. Mama asiyejua herufi hata moja aweza kufuata mstari wa penseli uliochorwa na mwalimu, na herufi zikatoka kwa mkono wake mwenyewe. Katika daftari za serikali mtu kama huyu hutia dole gumba. Katika kadi hii atatia jina lake zima, kwa uzi mwekundu.

Wala kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Kule pwani, Lamu na Unguja, wanawake wamekuwa wakishona viua vya kofia tangu zamani, kazi inayotaka macho makali na saburi nyingi. Vitambaa vya meza na vya viti vilivyodariziwa maua huonekana katika nyumba nyingi za bara. Na mwanamke wa Kigogo aliyezoea kutunga ushanga amekwisha kujifunza nusu ya kazi, kwa kuwa ajua kuhesabu, kupanga rangi, na kufumua alipokosea bila kuona uchungu.

Sasa tutaje vifaa. Yatakiwa kitambaa cheupe chepesi kilichofumwa karibu karibu, kama bafta. Kitambaa kizito hakikunjiki vizuri pembeni. Zatakiwa sindano nyembamba, mkasi, penseli iliyochongwa sana, karatasi nene ya manila kama ile walimu wanayochorea picha za darasani, na uzi wa kudarizi. Uzi huu huuzwa kwa vitita, nao una nyuzi ndogo 6 zilizolala pamoja. Usishone kwa zote 6, maana kazi itakuwa nene kama kamba. Zitenge, ushone kwa 2. Kitita kimoja kikitumiwa hivyo chatosha kadi nyingi.

Kabla ya kuanza, jaribu rangi. Lowesha kipande cha uzi kwa maji ya moto, ukikandamize katika kitambaa cheupe. Nyekundu ya bei rahisi aghalabu hutoa rangi, na kadi ya siku nyingi yaweza kuharibika kwa tone moja la maji.

Kipimo cha kadi ya kawaida ni urefu wa sentimita 14 na upana wa sentimita 9. Usikate kitambaa kwa kipimo hicho tangu mwanzo. Fanya kama walivyofanya Wafaransa: chukua kipande kikubwa, chora juu yake nyumba za kadi 4 au 6 na kuacha nafasi ya vidole viwili baina yake, udarizi zote, ndipo ukate. Kitambaa kikubwa huwambika vema, na kidogo huteleza. Kiwambe juu ya fremu ya vijiti 4 vilivyofungwa pembe zake, kikazwe kama ngozi ya ngoma, lakini si kwa nguvu nyingi hata nyuzi zikapinda. Asiye na fremu na ashone mkononi, ila asivute uzi, maana kitambaa kitajikunja na pasi haitakinyosha.

Mishono mitatu yatosha kwa mtu anayeanza. Wa kwanza ni mshono wa nyuma, ambao sindano hutangulia hatua moja kisha hurudi kuziba nafasi iliyoachwa. Huu ndio wa herufi na wa mistari yote. Wa pili ni wa kujaza: nyuzi hulazwa sambamba, moja ubavuni mwa nyingine, mpaka jani au ua lijae rangi. Nyuzi hizo zisizidi urefu wa ukucha, la sivyo zitalegea na kunaswa na kila kitu. Wa tatu ni fundo: sindano ikitokeza juu, uzungushie uzi mara mbili katika ncha yake, kisha uichomeke tena karibu sana na pale ilipotokea, huku umeushika uzi. Fundo moja ni punje moja ya mtama. Mafundo 20 yaliyosongamana ni kishada cha zabibu, na mtu wa Dodoma hahitaji kuambiwa zabibu zafananaje.

Uzi usifungwe fundo upande wa nyuma, kwa maana litafanya uvimbe katika kadi. Acha mkia mfupi wa uzi, ushone juu yake.

Katika kuchagua picha, twaona watu wengi wakiiga kadi za dukani zenye theluji na ndege wa Ulaya. Hatuwakatazi, ila haziwafai. Theluji ni dalili ya Krismasi kwa mtu wa London. Kwa mtu wa Mtumba dalili ni mvua ya kwanza, na mbuyu uliokaa uchi kiangazi chote ukivaa majani. Mbuyu nao ni mwepesi kudarizi: shina nene kwa mshono wa kujaza, matawi machache kwa mshono wa nyuma, na majani kwa mafundo ya kijani. Ng'ombe mwenye nundu, kibuyu, zeze na nyumba ya tembe yenye paa la bapa zafaa vilevile. Kwa Idi, mwezi mwandamo na nyota hupendeza, pamoja na nakshi za maua au za miraba. Ikiwa kadi yaenda kwa mtu asiyependa picha za viumbe, nakshi ni bora kuliko zote. Tena kwa Idi usidarizi tarehe wala mwezi. Mwaka wa Kiislamu hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka, na kadi iliyobaki yaweza kutumika mwaka ujao kama haikutiwa tarehe.

Maneno yawe machache. "Heri ya Krismasi" ina herufi 14, na "Idi njema" ina 8. Neno la Kigogo "Mbukwenyi" lina 9, na kwa mtoto aliye mbali twadhani litazidi yote mengine kwa utamu. Ukimwandikia mmoja tu, basi "Mbukwa" yenye herufi 6. Tumia herufi kubwa, kwa sababu zina mistari iliyonyoka. Hapa pana hatari moja kwa asiyejua kusoma. Mchoro ukipitishwa kitambaani kutoka upande wa nyuma wa karatasi, herufi hugeuka kama katika kioo, naye hataona kosa. Mwalimu aliyechora na aitazame kadi kabla ya sindano ya kwanza. Tena asijitie kuzipendezesha herufi za mama huyo kwa kumshonea zile ngumu. Ikiwa R imepinda, na ipinde. Mtoto wake atajua imepinda kwa mkono wa nani.

Kazi ikiisha, igeuze kifudifudi juu ya blanketi lililokunjwa, upige pasi upande wa nyuma ili mafundo yasipondeke. Wenye pasi ya mkaa wajihadhari na cheche, na waweke kitambaa kingine kati. Kisha kata kitambaa, ukikiacha kizidi kadi kwa nusu sentimita kila upande, ukitandaze juu ya manila, ukunje pembe kwa nyuma na kuzigandisha.

Gundi ya dukani yafaa, lakini miti ya migunga yetu hutoa gundi njema bila malipo. Okota madonge yaliyo meupe au ya rangi ya asali, yaponde, uyaloweke katika maji kidogo usiku kucha, uchuje takataka. Iwe nzito kama asali. Gundi ya unga yashika pia, ila mende na panya huipenda, na kadi yaweza kuliwa kabla ya siku kuu. Paka gundi nyuma tu, kwenye pembe zilizokunjwa. Ukipaka katikati itapenya na kutia doa. Mwisho bandika karatasi safi nyuma ili kuficha nyuzi, na hiyo ndiyo ya kuandikia.

Watoto wa shule waweza kuanza na njia iliyo rahisi zaidi, bila kitambaa: mwalimu huchora picha juu ya manila, wao hutoboa matundu kwa sindano kwa nafasi sawa, kisha hupitisha uzi katika matundu hayo. Matundu yakikaribiana mno karatasi hupasuka.

Majira ya kazi hii ni jambo kubwa kuliko watu wadhanivyo. Mvua za nchi yetu huanza kwa kawaida Desemba, na mtu mwenye jembe mkononi hawezi kushika sindano. Anayetaka kadi za Krismasi na aanze baada ya mavuno, Julai au Agosti. Vumbi la kiangazi ni adui, basi kazi ifungwe katika kitambaa safi kila iwekwapo, mikono ioshwe, na isifanywe karibu na moshi wa jikoni.

Wengine watauliza kama kadi hizi zaweza kuuzwa. Zaweza. Tangu mwaka 2019 ofisi za wizara zimefunguliwa hapa Mtumba, na watumishi wametoka mikoa yote, wenye wazazi na watoto wa kuwasalimu huko walikotoka. Lakini kwanza piga hesabu. Tuseme kadi imekula uzi, kitambaa, manila na bahasha vya shilingi 900, na imechukua saa 5. Ukiiuza shilingi 2,000 umejilipa 1,100, yaani shilingi 220 kwa saa. Ni afadhali kudarizi ua moja dogo pembeni, kazi ya saa moja, kuliko kujaza kadi nzima na kuiuza kwa hasara. Kadi nzima mfanyie mtu wako.

Kadi ya kudarizi isitiwe posta bila bahasha, maana muhuri utaiponda. Iweke kati ya karatasi mbili laini, kisha katika bahasha iliyo kubwa kidogo kuliko kadi. Kwa kuwa barua zetu huenda kwa sanduku la posta, na wanavijiji wengi hawana sanduku lao, andika sanduku la shule, kanisa, msikiti au ofisi, pamoja na majina mawili ya mpokeaji, ili karani asimpe mwenye jina linalofanana. Nyuma ya kadi andika kwa penseli jina la aliyeidarizi, mahali na mwaka. Wino hupenya karatasi, nao hutokeza mbele kwenye kitambaa cheupe.